Kilo Mia Sita

Niliipima kwa futi ya chuma, ile ya njano:
urefu wa meza, upana wa meza, miguu minne.
Kwamboka akaipima kwa utepe wake wa ushonaji,
akiizunguka kama bibi harusi asiyetaka kusimama wima:
kifua, kiuno, nyonga.
Akasema, "Nyonga haipiti getini."
Nikamwambia chuma si kitenge.
Akaviringa utepe, akanyamaza.
Kimya chake nacho ningekipima, lau ningekuwa na akili.

Karakana ya Lunga Lunga ilikuwa inafungwa.
Mashine ya kuranda, chuma cha kusubu, rangi ya kijani
iliyobabuka ikaonyesha kijivu, na chini ya kijivu nyekundu,
kama mtu aliyeoa mara tatu.
Miaka kumi na minne niliilisha mvule na saipras.
Siku ya mwisho, badala ya malipo ya kuagwa,
nikasema: nipeni huyu.
Huyu. Si hii.
Mhasibu akavua miwani.

Kanta ilitushusha mbele ya duka la Mama Syombua
Jumapili saa tatu, waumini wakipita na viatu vinavyong'aa.
Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, walinena waliotangulia;
Kariobangi hatukumpata Mnyamwezi,
tukampata Makokha na wanawe wawili wa kambo,
mtaimbo mmoja, na mabomba manne ya maji
ambayo mtu fulani, mahali fulani, alikuwa akiyatafuta.

Makokha huhesabu vibaya.
"Moja, mbili," naye anasukuma kwenye mbili,
sisi kwenye tatu tuliyoingoja wenyewe.
Hivyo tukaenda: nusu dhiraa, bomba la nyuma likatolewa
likakimbizwa mbele kama mtoto wa kutumwa;
nusu dhiraa; shimo; ubao juu ya shimo;
ubao ukalia, ukakatika;
tusi, kisha "samahani, Pasta," maana Pasta alikuwa hapo;
nusu dhiraa.

Getini, gurudumu la kupandishia meza
likagonga nguzo. Ngo.
Inchi mbili.
Nyonga.
Nati ya gurudumu ilishikwa na kutu hadi ikawa mwili mmoja nalo;
tukaimwagia mafuta taa, tukaibembeleza, tukaipiga,
spana ikateleza ikanichuna vidole.
Ndipo Kwamboka akatoka na nyundo ya kilo tano,
akaiweka miguuni pangu taratibu, kama anayeandaa chai.
Nguzo ile niliijenga mwenyewe mwaka tuliohamia,
nikaandika tarehe kwa msumari, saruji ikiwa mbichi.
Nikaanza kuipiga hapo penye tarehe.

Magharibi ilikuwa imesimama
katika chumba cha gari ambalo hatukuwahi kulinunua,
imekaa sawa, tone la maji halikimbii mezani.
Makokha akaenda na pesa zake na mtaimbo wake.
Mabomba aliyaacha. Aliyaacha kwa haraka.
Nikafungua kifuniko cha mota
nikaona nyaya tatu za moto zikinitazama.
Nyumba yetu, kutoka nguzo ya stima, hupewa mmoja.
Miaka kumi na minne ya kuilisha,
na sikuwahi kuuliza inakula nini.

Basi kwa sasa geti halifungi,
tumeliegemezea kile kipande cha ubao.
Kwamboka hukatia vitambaa juu ya ile meza,
anasema hajapata kuona meza isiyotingishika namna hii.
Mimi, watoto wakilala, nautoa mkanda
nazungusha roli kwa kiganja, polepole,
visu vitatu vikipita kimoja kimoja
karibu na mvule nisioweza kuusukuma.
Jana pakadondoka kipande cha maranda,
chembamba kama ganda la kitunguu,
kilichokwama humo tangu Lunga Lunga.
Nikakinusa.
Nikaizungusha tena, kidogo tu.
Sauti ya Kwamboka ikatoka chumbani:
"Huyo naye halali?"